Mwaka wa Miguu Mikavu

Namshukuru Mwenyezi Mungu, mwenye mvua na mwenye wanaonyeshewa, aliyeyafanya maji kuwa ya kusafishia kabla sisi hatujajua kuwa tumechafuka, na akatupa dini isiyotaka tujitie dhiki. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na kila aliyeyapokea mafundisho yake kwa upole akayatoa kwa upole. Nikiisha kumshukuru, nasimulia.

Mwezi uliopita tulimzika Baba Furaha. Ibada ilifanyika katika kanisa moja karibu na Spånga, hapa Stockholm, na mimi, ambaye maisha yangu yote sikuwahi kukaa kanisani zaidi ya dakika chache, nilikaa saa mbili na robo kwenye benchi la nyuma nikisikiliza nyimbo za Kiswahili cha Uvira, kule Kongo, na mahubiri yaliyoanza kwa Kifaransa yakamalizikia kwa Kiswidi kwa ajili ya wajukuu. Nje mvua ilikuwa ikinyesha ile mvua nyembamba ya hapa, isiyo na haraka. Baada ya makaburini tulirudi kwenye ukumbi wa chini kula bugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, na Furaha, niliyemjua akiwa na miaka sita na hana meno ya mbele, na ambaye sasa ni mama wa mtoto, akanijia na mfuko wa plastiki. "Baba Shehe," akaniambia, kwa jina lile lile la zamani, "hivi tulivikuta chini ya cherehani ya Papa. Mama anasema ni vyako." Nikavitoa. Vilikuwa viwili, kimoja cha kila mguu: kutoka kifundoni mpaka gotini kitambaa cha hema cha kijani, kutoka gotini mpaka pajani kitambaa cha mwavuli cheusi, na juu ya hapo, mpaka kiunoni, kipande cha pazia la bafuni lenye picha za samaki. Furaha akalishika lile pazia akacheka huku machozi hayajamkauka. "Mama alililalamikia hili wiki nzima. Ni vya nini?" Nikamwambia ni vya kukinga miguu kwenye baiskeli, mvua ikinyesha. Lilikuwa jibu la kweli, naye akaridhika nalo. Lakini si kweli yote, na tangu siku ile nimekosa utulivu kwa sababu ya sehemu niliyoibakiza.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Sikuwa kijana, ila katika mji huu nilikuwa mgeni wa mwaka mmoja tu, na mgeni hurudi utotoni apende asipende: anafundishwa kuvuka barabara, kutupa takataka, kusema asante. Nilikuwa nimepanga chumba kwa Baba Furaha, ghorofa ya nne, Hallonbergen. Yeye alikuwa fundi cherehani aliyeshona mahema miaka saba katika kambi ya wakimbizi, na hapa alisafisha mabehewa ya treni. Cherehani yake ilikaa jikoni, mezani, na tulikula kuizunguka kama vile ilikuwa mmoja wetu. Mama Furaha alipika ndagala, dagaa wa ziwani kwao, na lengalenga, ambayo sisi tunaiita mchicha, na lengalenga hiyo aliipanda mwenyewe kwenye makopo kibarazani, tisa kwa hesabu yake, akiyafunika kwa magazeti baridi ikizidi. Mimi Mwislamu, wao Wakristo. Kwenye friji yao palikuwa na rafu yangu, na hakuna aliyewahi kuigusa. Nilisoma dini tangu utoto, nikafundisha kwetu Tanga, na Baba Furaha alipenda kuwaambia wageni kwamba nyumba yake ina ulinzi wa pande mbili.

Kazi niliipata Spånga, katika nyumba ya kutunzia wazee. Ukitazama ramani, Hallonbergen na Spånga ni majirani, lakini treni zinataka kwanza zikupeleke katikati ya mji ndipo zikurudishe. Zamu ilianza saa moja asubuhi. Kwa hiyo nikanunua baiskeli kuukuu, nikawa nakata njia za waenda kwa miguu, nikipita Rissne, chini ya barabara kuu, hadi Bromsten, na kufika nikiwa na dakika kumi za kubadilisha nguo. Nilianza mwezi wa tatu. Wanaoijua Stockholm wanaujua mwezi huo: theluji inayeyuka, na kila kilichofukiwa tangu Desemba kinajitokeza siku moja. Changarawe, vijiti vya fataki, glavu za watoto, na mavi ya mbwa ya miezi minne, yaliyolainika upya yakitiririka na maji ya njia. Gurudumu la mbele likayachota maji hayo likanitia miguuni. Nilipofika kazini suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini, na madoa hayakuwa na jina.

Kwa asiyesoma fiqhi niseme kwa ufupi. Kwa madhehebu tuliyolelewa nayo pwani, mbwa ana najisi nzito: kikikugusa kitu chake nawe u majimaji, panaoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Na mwenye najisi nguoni swala yake haisihi. Hilo nililijua. Nilijua pia, kwa maana niliwafundisha wengine, kwamba tope la njiani limesamehewa, kwa sababu hakuna anayeweza kulikwepa, na kwamba kitu huhesabiwa safi mpaka ujue kwa yakini kuwa kimenajisika. Haya yote nilikuwa nayo kichwani. Ila kwetu mbwa ni wa kukimbizwa, humwoni ila kwa mbali. Na hapa kila mtu na mbwa wake, asubuhi na jioni, kwenye njia ile ile ya baiskeli, na mimi nikipita katikati yao nimekunja miguu. Kujua kukabaki kichwani. Miguuni palikuwa na kitu kingine.

Kazini nilikuwa naswali kwenye chumba cha mashuka, kati ya rafu mbili, harufu ya sabuni kila upande. Nikaanza kubeba suruali ya pili, kisha ya tatu. Nikibadilisha, nawaza: mkono ulioivua ya kwanza je? Nanawa. Nikitoa salamu ya mwisho, nawaza: soksi. Naanza upya. Siku moja mwenzangu wa kazi, Gunnel, mama wa Kiswidi mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa, alifungua mlango akanikuta nimesimama mguu mmoja, nikiukagua mwingine kwenye mwanga. Akafikiri ninaumwa baridi. Siku ya pili yake akaniletea suruali yake ya mvua, ya mpira, ya kijani, imekunjwa vizuri. "Usinirudishie," akasema. "Nilikuwa naivaa nikimtembeza Bosse, na Bosse amekufa wakati wa Krismasi." Nilimpa pole. Nilidhani Bosse ni mumewe.

Niliivaa wiki nzima, na miguu ikawa mikavu kabisa, na nilimwombea marehemu Bosse kwa kadiri inavyofaa. Ijumaa, nikiipindua ianikike, nikaona ndani yake, kuanzia kiunoni mpaka chini, nywele fupi za rangi ya mchanga. Nikamuuliza Gunnel kwa kuzungukazunguka. Akatoa picha kwenye pochi. Bosse alikuwa amekaa kwenye sofa, ulimi nje.

Swala za wiki nzima. Nililipa zote, kwa siku mbili, chumbani kwangu, mpaka magoti yakauma. Kisha suruali zangu tatu na ya nne ya mpira zikawa za kuoshwa mara saba, na moja kwa udongo, na udongo katika nyumba ya ghorofa ya nne uko mahali pamoja tu. Nikachukua kidogo kidogo kwenye makopo ya lengalenga, Mama Furaha akiwa sokoni. Nilifikiri hataona. Jioni tukiwa mezani akaweka sufuria chini, akatutazama wote, na akamaliza kwa mumewe.

"Kuna mutu anakula udongo wa lengalenga yangu."

"Mi siko nakula udongo," akasema Baba Furaha.

"Basi kama humu ndani kuna mwenye mimba, aseme mapema, tutafute jina."

Furaha akauliza kwa Kiswidi mimba ni ya nani, na baba yake akamjibu kwa Kiswahili ale chakula chake. Mimi nilitazama sahani. Ningeweza kusema pale pale tukacheka sote, nikapona mapema.

Mashine za kufulia za jengo lile ziko chini ya ardhi, kwenye chumba kimoja cha wapangaji wote, na kila nyumba ina zamu yake ya nusu siku, unaiandikisha kwa kufuli lenye namba. Nilitumia zamu nzima ya Baba Furaha. Nilifua mara sita kwa maji, na mara moja nikamimina kopo zima la udongo wa lengalenga kwenye mashine, nikasimama mbele ya kioo nikiutazama ukizunguka kama uji wa ulezi. Moyo wangu ulitulia kama mtu aliyelipa deni, ingawa ile ya mpira sikuthubutu kuivaa tena. Siku ya pili pakabandikwa karatasi mlangoni, kwa mwandiko mzuri. Baba Furaha aliisoma kwa sauti kwenye ngazi, akitafsiri polepole: "Kwako wewe unayefua bustani yako. Mashine hii ni ya nguo. Shuka zangu nyeupe sasa zina mbegu. Kwa salamu njema, jirani." Chini yake palikuwa na namba ya nyumba yetu, kwa sababu kufuli linasema yote. Akanitazama. Jumapili, kabla ya kanisa, akiwa tayari amevaa suti, akakunja mikono, akapiga magoti na kijiko, tukaitoa ile mashine udongo mimi na yeye, akiimba kwa puani. Alipomaliza akasema, "Shehe, mi niliwaza uko mutu wa Mungu. Kumbe uko mutu wa mayi." Mayi kwao ni maji.

Nikamweleza. Si yote, nilimweleza habari ya mbwa na njia. Alisikiliza kama fundi anavyosikiliza, akitazama vipimo. Kwanza akaifungia baiskeli madigadi, mbele na nyuma. Maji yakapungua, hofu haikupungua. Ndipo akanishonea vikinga miguu. Alikuwa na kitambaa cha hema la mtu aliyelitupa, akakikata kwa jicho, akaweka mpira chini unaopita chini ya kiatu na kamba juu ya goti, na mshono aliupiga mara mbili akaupaka nta ya mshumaa. Nilitoka navyo siku ya mvua kubwa ya mwezi wa sita, nikarudi mkavu. Aliniketisha jikoni akanipapasa mashavu ya miguu kama daktari wa ng'ombe. "Kavu," akasema, na akamwita mkewe aje aone.

Wiki ile nililala vizuri. Kisha nikaona tone juu ya goti. Nilimwendea fundi kwa aibu, nikamwambia labda virefushwe kidogo. Akarefusha kwa kitambaa cha mwavuli. Zikapita siku kumi, nikaona tone pajani; au sikuliona, nilihisi tu kama limeingia. Nikamwendea. Kitambaa cha mwavuli kilikuwa kimekwisha, akatazama huku na huku, akaingia bafuni na mkasi, akatoka na kipande cha pazia. Usiku huo nikiwa chumbani niliwasikia kupitia ukuta wa jikoni, wakidhani nimelala. "Unakata pazia langu kwa sababu ya mutu ambaye ana suruali tatu?" "Haiko suruali, Mama Furaha." "Ni nini basi?" Cherehani ikanyamaza. "Kuna kintu kinamufukuza," akasema. "Mi niko namurefushia tu ukuta." Nililala nikiwa nimekodoa macho gizani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Fittja, kusini mwa mji, palikuwa na familia kadhaa za Waswahili, za Mombasa, Tanga, Unguja na Bujumbura, waliokodi ukumbi mdogo wa ghorofa ya chini kwa siku za Jumamosi. Mimi nilikuwa nikiwafundisha watoto msahafu na twahara. Mwaka huo Ramadhani ilikuwa inaingia mwishoni mwa Septemba, nao waliniomba niwe imamu wao wa tarawehe, mwezi mzima. Nilikubali katika mwezi wa tano, na tangu hapo nilikuwa nahesabu siku kwa hofu. Mtu asiyeweza kumaliza swala yake mwenyewe kwenye chumba cha mashuka bila kuianza mara tatu, atasimamaje mbele ya watu arobaini? Nikikata swala, wataona. Nisipokata, na nguo yangu si safi, nimewabebea wote swala isiyosihi. Nilipanga visingizio: mgongo, zamu, sauti. Nilifika hadi kuandika barua ya kujitoa, nikaikunja ndani ya kitabu changu cha fiqhi. Ilikaa humo kama jino bovu.

Wiki moja kabla ya mwezi kuandama, Bi Salma alinipigia simu. Alikuwa mama wa Mombasa, mtulivu, anayefanya kazi kwenye jiko la shule, na binti yake Warda, wa miaka tisa, alikuwa mwanafunzi wangu mwenye masikio mazuri kuliko wote. "Ustadh," akasema, "samahani nakusumbua. Naomba upite nyumbani kabla ya darasa. Sitaki kusema kwenye simu." Nikapita Jumamosi saa tano. Aliniketisha, akaniletea chai ya maziwa na mkate wa mdalasini wa dukani, na hakuketi. Mlango wa bafuni ulikuwa umefungwa na maji yalikuwa yakienda. Nikadhani kuna mtu anafua.

"Yuko humo tangu saa tatu," akasema Bi Salma. "Kila mvua ikinyesha ni hivi. Anavua soksi ndefu anaziosha, anavaa, anavua. Jumatatu hakwenda shule. Alifika mpaka mlango wa chini, akaona mbwa wa jirani amelowa, akarudi akilia. Nimemuuliza nani amekwambia mbwa akipita njiani njia nzima haifai. Akanambia, Ustadh." Alilisema jina langu bila ukali hata kidogo, na ndivyo lilivyoniingia. "Mimi sikusoma, Ustadh. Labda ndivyo ilivyo. Lakini kama ndivyo, nifundishe nimfanyeje, maana hii ni Sweden, mvua haitaisha."

Maji yakafungwa. Warda akatoka na mikono iliyokunjamana kama ya wazee niliokuwa nikiwaogesha Spånga, vidole vyekundu, ngozi imepasuka kwenye viungo. Alipoona ni mimi alifurahi. Alifurahi, Mungu anisamehe, kama mtu anayemwona mwenzake. Akaniambia kwa Kiswidi, maana Kiswahili alikisikia tu bila kukizungumza, kwamba ameosha saba lakini hapakuwa na udongo, na mama yake hamruhusu kuchukua wa maua. Nilikumbuka kila darasa la mwaka ule. Nilikuwa nimewafundisha matone, na magurudumu, na mbwa waliolowa, kwa mifano mingi na kwa macho makali. Lile la tope la njiani kusamehewa nililijua tangu nina miaka kumi na miwili, na sikuwaambia hata siku moja. Sikusahau. Niliogopa kwamba nikilisema kwa sauti nitalazimika kulifuata.

Nilimwambia Bi Salma anipe wiki moja, nikafundisha darasa kwa kusomesha msahafu tu, nikarudi Hallonbergen. Baba Furaha alikuwa jikoni anabadilisha zipu ya koti la mtu. Nikaketi nikamwambia yote, safari hii bila kubakiza: chumba cha mashuka, kulipa swala, barua ndani ya kitabu, vidole vya Warda. Nilimwambia pia kwamba wametabiri mvua kesho kutwa, na je, vikinga vinaweza kushonwa viungane kiunoni, vikakazwa kwenye koti? Aliiweka zipu mezani.

"Sasa unataka nikushonee hema nzima, nikufungie ndani na zipu," akasema.

Sikucheka. Naye hakuwa anacheka.

"Shehe. Mi nilishona hema miaka saba. Unajua ngapi ziliingiza mayi? Zote. Kila moja. Mushono ni matundu, ndugu yangu. Sindano ikipita imeisha kutoboa. Nilipaka nta, nilipaka mafuta, mayi ikaingia. Njo vile. Na watu walilala mule. Walisali mule. Furaha alizaliwa mule, mvua iko nanyesha, mama yake alisema tone lilimupiga kwenye mupaji ya uso mbele hajalia." Akaichukua zipu tena. "Kama mi ningengojea hema isiyovuja, ule mutoto angezaliwa wapi?"

Yeye hakujua fiqhi, wala hakudai kujua. Lakini nilichokuwa nacho kichwani miaka ishirini na saba kikashuka kidogo, labda mpaka kifuani. Sitasema kilifika miguuni.

Jumamosi ya mwezi kuandama niliingia zamu ya asubuhi, na mvua ilianza nikiwa Bromsten. Nilirudi nayo alasiri. Vikinga nilikuwa nimeviacha nyumbani makusudi, vimetundikwa nyuma ya mlango, samaki wanatazama ukutani. Njia yote nilikuwa na hofu kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Mbele yangu, chini ya barabara kuu, alipita mtu na mbwa wawili waliolowa chapa, na gurudumu langu likakata maji yao. Nilifika nyumbani na madoa mpaka magotini. Niliyakagua madoa yenyewe, kama nilivyotakiwa kufanya tangu mwezi wa tatu: tope, changarawe, basi. Hapakuwa na kitu ninachokijua kwa yakini. Nikatawadha mara moja, miguu mara tatu kama inavyotakiwa, nikafunga bomba. Mfuko wa suruali za akiba niliuacha kitandani. Baba Furaha alinisindikiza mpaka kwenye lifti, akatazama miguu yangu, akasema tu, "Nenda, Shehe. Utachelewa."

Kwenye treni ya kwenda Fittja nilisimama, nikiogopa kuchafua viti, na nikiogopa kwamba ninaogopa. Ukumbini palinukia kaimati na ubani. Watoto walikuwa kwenye ngazi, na Warda alikuwa amekaa peke yake juu kabisa, mbali na viatu vya watu. Macho yake yalikwenda moja kwa moja chini.

"Ustadh," akasema. "Suruali yako."

"Ni tope la njiani."

"Hubadilishi?" Aliuliza kwa Kiswidi, kwa kunong'ona, kama anayenikumbusha nisiaibike.

"Sikuja na nyingine."

Nikaingia naye na mama yake, na watu walipokwisha kupanga safu niligeuka kabla ya kukimu. Nilisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiswidi changu kibovu ili watoto wasikose neno, kwamba mwaka huu niliwafundisha watoto wao kitu kwa nusu. Nikasema tope la njiani limesamehewa, na hata kama mbwa wamepita, mpaka uione najisi kwa macho yako. Nikasema hili nililijua, na nililificha kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mwoga, na woga wangu nikauita dini. "Suruali hii mnayoiona," nikasema, "nitawaswalisha nayo." Mzee mmoja wa Unguja akasema, "Inatosha, shehe wangu, kimu." Ilikuwa sauti ya huruma.

Natamani niandike kwamba swala ile ilikuwa tamu. Haikuwa. Katika rakaa ya tatu ya isha kitambaa kilichopoa kilinigandia kwenye muundi, na kila kitu ndani yangu kikaniambia kata, geuka, waombe radhi, anza. Nilisoma Alhamdu polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka barafu nyembamba. Nilikwenda mpaka salamu ya mwisho. Kisha tarawehe, rakaa mbili mbili, nyayo zangu zikiacha majimaji kwenye zulia. Nilipomaliza na kugeuka, Warda alikuwa safu ya wanawake karibu na mlango, akinitazama kama anayesubiri paa lianguke.

Alinifuata wakati wa kaimati. "Na ukifika nyumbani?" akauliza.

"Nitaifua."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Akafikiri. "Mara moja tu?"

"Mara moja tu."

Alichukua kaimati kwa vidole vyake vilivyopasuka, akailamba asali, na hakwenda kunawa mpaka alipomaliza ya pili. Bi Salma aliona. Mimi niliona kwamba ameona.

Ugonjwa ule haukuniacha usiku huo. Ulinirudia miaka, hasa mwezi wa tatu, na huwa unakuja hata sasa, kama mgeni anayejua mlango. Ila niliswalisha mwezi mzima, ile barua niliichana, na vikinga vya Baba Furaha nilivivaa tena kwa kazi yake ya haki, ambayo ni kuzuia baridi. Nilipohama niliviacha kwao. Warda sasa ni daktari wa mifugo kusini mwa nchi; nilisikia, nikacheka peke yangu. Na Baba Furaha sikumwambia kamwe kwamba maneno yake jikoni yalifanya kazi ambayo vitabu vyangu vilishindwa kuifanya. Nilimshukuru kwa mshono. Siku ya mazishi nilisimama kando ya kaburi lake kwenye udongo uliolowa, tope likipanda kwenye viatu na suruali yangu, nikakumbuka kwamba adhuhuri imeingia. Niliswali pembeni, chini ya mti uliofunika makaburi ya watu wengine, na suruali ile ile. Mara moja.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mola akulinde njiani, akupe rafiki wa kukushonea pale mkono wako usipofika, akuongezee nta kwenye mishono yako. Na tone likipenya, kwa kuwa litapenya, akupe moyo wa kulala, na wa kuswali, nalo likiwa mwilini. Amin.